Jiko jepesi la kwenda nalo dago: kichwa cha skrubu, spiriti au jiko la mpira?

Majiko madogo yanayotengenezwa kwa ajili ya wawindaji na wapanda milima wa Ulaya na Marekani husifiwa zaidi kwa mambo mawili, nayo ni wepesi wa uzito na kasi ya kuchemsha maji. Sifa hizo zina maana kubwa kwa mtu anayebeba kila kitu mgongoni na ambaye chakula chake ni pakiti ya kumiminiwa maji ya moto. Anayekwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, kwenye visiwa vidogo vya magharibi ya Pemba hupakia jiko chomboni, na anachopika ni wali na mchuzi wa samaki, pengine na pweza anayetaka kukaa motoni kwa muda mrefu. Kwa hiyo majiko matatu niliyoyatumia nimeyapima kwa upepo wa kusi, kwa uwezo wa kushusha moto, na kwa urahisi wa kupata gesi au mafuta yake hapa kisiwani.

Kichwa cha MSR PocketRocket 2 kina uzito wa gramu 73 tu, hufungwa juu ya kopo la gesi kwa skrubu, na kikikunjwa hufumbika kiganjani. Mtengenezaji anasema kinachemsha lita moja ya maji kwa dakika tatu na nusu, na mahali palipotulia sina sababu ya kubisha. Tatizo ni kwamba moto wake hukusanyika katikati ya sufuria, hivyo wali hushika ukoko hapo huku wa pembeni bado una kiini. Tena kopo, kichwa na sufuria vikipandana juu ya mchanga huyumba kwa kuguswa kidogo. Upepo nao huufagia moto, na kulizungushia jiko bati pande zote ni hatari, kwa sababu joto hurudi kwenye kopo lililo chini yake. Makopo ya skrubu sijayaona katika duka lolote la Pemba, na msafiri wa ndege haruhusiwi kuyabeba.

Trangia ya Sweden ni jiko la namna nyingine kabisa. Kikombe chake cha shaba nyeupe hakina pampu wala tundu la kuziba. Unatia spiriti, unawasha kiberiti, na kikinga upepo chake, ambacho ndicho pia kinachobeba sufuria, hufanya kazi vizuri zaidi kadiri upepo unavyovuma, mradi matundu yake ya chini yaelekezwe unakotoka. Spiriti inapatikana mjini, na ukiichanganya na maji kidogo, yasiyozidi sehemu moja kwa kumi, masizi hupungua chini ya sufuria. Hata hivyo ni jiko la polepole: lita moja huchukua kiasi cha dakika kumi, na kikombe kilichojaa huwaka kwa dakika 25 hivi, muda ambao hautoshi kumlainisha pweza. Ni lazima basi kukijaza tena, na hapo ndipo penye hatari yenyewe, kwa sababu mwali wa spiriti hauonekani mchana wa jua kali. Mtu hudhani moto umezimika, akamimina, na chupa ikamlipukia mkononi. Usijaze mpaka kikombe kiwe kimepoa kiasi cha kushikika.

Ninalolipendekeza ni jiko la miguu mifupi lenye mpira wa gesi, linalounganishwa na makopo marefu ya butani ambayo wapishi wa shughuli hutumia kwenye majiko ya mezani. Wageni huyadharau makopo haya kwa kuwa butani haigeuki kuwa gesi pindi baridi inapokaribia nyuzi sifuri, lakini hilo ni shida ya milima yao. Kwetu, hata usiku wa kipupwe, halina nafasi. Jiko hukaa chini karibu na mchanga, hubeba sufuria ya watu wanne bila ya kutetereka, na kwa kuwa kopo liko mbali na moto unaweza kulizungushia bati la kukinga upepo bila ya hofu. Moto wake unashuka sana, jambo ambalo kwa mpishi wa wali ni kubwa, maana huku hakuna makaa ya kupalia juu ya kifuniko.

Kopo likilazwa, pengo lililokatwa kwenye shingo yake lazima lielekee juu. Ndani mna kijibomba kilichopindwa, na pengo likiwa juu huvuta gesi. Likiwa chini huvuta majimaji, na moto huruka ghafla. Chomboni makopo yawekwe kivulini, kwani yameandikwa yasizidi nyuzi joto 50, na jua la saa saba juu ya bati hufika huko kwa urahisi. Wala petroli ya mashine ya boti isifikiriwe kuwa badala, kwani ile iliyochanganywa na oili huziba jeti, yaani tundu jembamba la kutolea mafuta, hata ya majiko yaliyotengenezwa kwa petroli.

Kasoro ya jiko hili ni chuma. Chumvi huanza kula miguu na skrubu mapema, hivyo lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kupakwa mafuta kidogo kila linaporudi nyumbani, na ringi ya mpira kwenye kiungio ipimwe kwa povu la sabuni kabla ya safari. Ringi ikipasuka dagoni, hakuna duka la kukuuzia nyingine. Chukua mbili za akiba.