Mbeleko laini: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukienda kununua mbeleko, rangi iache mwisho. Jiulize kwanza kama utaweza kuikaza mtoto akae kifuani bila kuteleza, na kuikaza tena akishasinzia. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu. Kitambaa kikilegea, mgongo unajikunja, kidevu kinaangukia kifuani na hewa inakosa njia, na yote hayo hutokea kimyakimya, bila hata kilio. Kigezo changu ni hicho, na ndicho kilichopanga orodha hii.

1. Mbeleko ya pete

Ni kitambaa cha kama mita 2 chenye pete mbili upande mmoja. Hii naiweka juu kwa sababu unakaza pale unapotaka tu: ukingo wa juu ukiuvuta, shingo inashikwa, wa chini, makalio yanapanda. Usivute mkia, yaani ncha inayoning'inia baada ya kupita kwenye pete, wote kwa mkupuo. Mkono mmoja umwinue mtoto kidogo, mwingine uvute ukanda baada ya ukanda, la sivyo kitambaa kinajirundika ndani ya pete na kugoma.

Pete zikague palepale dukani. Ziwe nzima, za alumini au nailoni ngumu, zisizo na kiungo. Pitisha ukucha kuzizunguka; ukinasa popote, irudishe. Pete za mikoba na mapazia hazikutengenezwa kubeba mtu, hata zing'ae vipi.

Kasoro yake ni bega. Uzito unaelemea upande mmoja, na mtoto wa kilo 8 atakukumbusha hilo mapema. Tandaza kitambaa begani mpaka karibu na mkono, na ubadilishe upande mara kwa mara.

2. Kitambaa kirefu cha kufumwa

Mita 4 hadi 5, kinazungushwa mwilini na kufungwa fundo. Uzito unagawanyika mabega yote mawili na kiuno, kwa hiyo mwenye mgongo unaosumbua akihesabu hiki kuwa namba moja hatakosea. Kinafaa tangu kuzaliwa hadi mtoto anapotembea. Kivute kabla ya kulipa: kwa urefu kisivutike, kwa mshazari kivutike kidogo. Tabu ni kujifunza kukifunga, na ncha zake hufagia sakafu wakati wa kufunga.

3. Kitambaa kinachovutika, cha aina ya fulana

Unakifunga kwanza, kisha unamtia mtoto, ndiyo maana wanaoanza hukipenda. Lakini akiongezeka uzito kinashuka, na mgongoni usimbebe nacho kabisa, kwani akijisukuma anaweza kuchomoka. Ukipewa zawadi, pokea. Kununua, fikiri mara mbili.

Za vifungo na mkanda wa kiuno sikuzipa namba, kwani ni ukoo mwingine. Soma tu uzito wa chini ulioandikwa kwenye lebo.

Usiyopaswa kununua: mbeleko ya mfuko

Hii mtoto huzama ndani akiwa amejipinda, kitambaa kimefunika uso. Machi 2010 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilionya kuhusu hatari ya mbeleko za kuning'iniza, hasa kwa watoto wa chini ya miezi 4, na mwezi huohuo mbeleko za mfuko zipatazo milioni 1 zikaondolewa sokoni baada ya vifo vya watoto watatu. Ukipewa bure, ikatae, na usimpelekee mwenzio.

Kabla ya kulipa

Ijaribu mbele ya kioo, ikiwezekana na mtoto mwenyewe. Uso wake uonekane wote. Ukiinamisha kichwa kidogo, umbusu utosini. Vidole viwili vipite kati ya kidevu na kifua. Magoti yawe juu kuliko makalio, mapaja yameshikwa mpaka nyuma ya goti. Halafu weka kiganja mgongoni kwake, sukuma taratibu: akinyooka na kukusogelea, bado imelegea.

Mtoto njiti, au mwenye uzito mdogo, aonwe kwanza na daktari. Nyumbani, jifunze kwa mwanasesere ukiwa umekaa kitandani, na mbeleko isikaribie jiko wala baiskeli.

Ya mtumba si vibaya. Iinue kwenye mwanga uangalie palipochakaa, kisha ishike mshono wa pete kwa mikono miwili na uuvute kwa nguvu. Uzi ukilia, mwachie muuzaji mali yake.