Talking Heads jukwaani: albamu ya 1982 au ya 1984?

Ubishi kuhusu ipi bora kati ya albamu hizi mbili zilizorekodiwa jukwaani hauishi miongoni mwa wapenzi wa bendi hii ya roki ya New York.

Kwa usafi wa sauti, Stop Making Sense (1984) iko mbele. Ilirekodiwa Desemba 1983 katika ukumbi wa Pantages, Hollywood, na kila chombo kinasikika mahali pake. Mwimbaji David Byrne anaanza peke yake, gitaa mkononi na mdundo wa mashine. Ila santuri ya awali ina nyimbo 9 tu. Tafuta toleo la 1999 lenye 16.

Kwa upana, The Name of This Band Is Talking Heads (1982) haina mpinzani. Ni albamu ya santuri mbili. Ya kwanza ni wanamuziki wanne, 1977 hadi 1979, muziki mkavu wenye wasiwasi. Ya pili, ya 1980 na 1981, jukwaa limejaa: Adrian Belew, mwanamuziki mgeni, analipigisha gitaa mayowe, ngoma na besi zinazunguka bila kuchoka. Kwangu, hapo ndipo bendi inawaka kuliko popote.

Kama bado hujaizoea bendi, au unataka watu wacheze sebuleni, chukua ya 1984. Kama una jioni nzima na hedifoni nzuri, ya 1982.