Magari ya juu ya kifahari, mtumba: lipi ununue, lipi ulipite

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, nina hela ya Prado, lakini kwa hela hiyo hiyo napata Range Rover. Nichukue ipi?" Anayeuliza huwa ameshachagua moyoni, anatafuta tu mtu wa kumbariki. Mimi si shehe wala padri. Ninachoweza kumwambia ni kwamba gari lililouzwa ghali sana jipya, kisha likashuka bei kwa kasi miaka michache baadaye, limeshuka kwa sababu. Mzungu aliyeliuza hakuwa anatoa sadaka.

Malalamiko ya wenye magari nayasoma kama wengine wanavyosoma magazeti ya michezo, na nimezoea kuyatenga mafungu mawili. Kuna ya maudhi: redio imezima, kioo hakishuki, gari limelala upande mmoja asubuhi, oili inapungua. Na kuna ya roho: breki, moto, mlango unaofunguka safarini, eya begi (mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali) inayomjeruhi aliyepaswa kuokolewa nayo. Wanunuzi wetu huogopa fungu la kwanza kwa sababu linakula pesa, na la pili hawaliulizi kabisa. Orodha hii, kutoka la kununua hadi la kulipita, imepangwa kwa la pili kwanza, kisha kwa jinsi fundi wa hapa anavyoliweza gari. Viti vya ngozi sikuvihesabu.

Kabla ya kwenda kwenye majina, hebu tuseme kuhusu eya begi, maana inahusu nusu ya orodha. Kampuni ya Kijapani ya Takata ilitengeneza viwashio vya kuifumua eya begi, vilivyotumia kemikali ya amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye joto na unyevu huharibika, na siku ya ajali kiwashio hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Marekani peke yake wamekufa zaidi ya watu 20, na Takata ilifilisika mwaka 2017. Magari mengi yaliyoitwa na watengenezaji yarudishwe kubadilishiwa viwashio yalikuwa ya kifahari: BMW X5, Mercedes ML na GL, Range Rover ya 2007 hadi 2012, Lexus GX 460. Sasa fikiria joto na unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa. Gari lililotoka Japani au Uingereza kabla ya kubadilishiwa linaendelea kuiva huku kwetu, na hakuna atakayekuandikia barua. Chukua namba ya chasisi uiulize kwa wakala wa kampuni husika, au kwenye tovuti ya kampuni. Halafu washa swichi bila kupiga stata: taa ya eya begi lazima iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichokonoa.

1. Toyota Prado 150 ya petroli

Najua, haina msisimko. Ya injini ya lita 2.7 inapanda mlima kama inaombwa. Lakini nitakupa kisa cha ndugu yake, Lexus GX 460, ambayo hapa kwetu ni nadra kwa sababu usukani wake uko kushoto (walioko Kongo na Rwanda ndio wanaoweza kuiendesha kwa raha). Aprili 2010 jarida la Marekani la Consumer Reports liliipiga GX 460 muhuri wa "usinunue". Kwenye majaribio, dereva akiingia kona kwa kasi na kuachia mafuta ghafla, tako la gari liliteleza mbali kabla mfumo wa kulituliza haujalishika. Kwa gari refu hivyo, hiyo ni njia ya kupinduka. Toyota ilisimamisha mauzo, ikayaita magari kama 9,400 yaliyokwisha uzwa Marekani, ikabadilisha programu ya mfumo huo, na Mei mwaka ule ule jarida likaufuta muhuri wake. Kasoro ilikuwa ya roho, lakini ilionekana, ikakubaliwa, ikatibiwa ndani ya wiki chache. Hiyo ndiyo rekodi ninayoitafuta kwa kila gari hapa chini.

Ya dizeli iendee kwa tahadhari. Injini ya 3.0 inajulikana kwa nozeli zinazochoka, na zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba njia yake. Ya 2.8 iliyoanza 2015 ina kichujio cha moshi kinachotaka mwendo wa kasi wa muda mrefu ili kijisafishe. Australia wenye Prado, Hilux na Fortuner za injini hiyo, magari zaidi ya 260,000, waliipeleka Toyota mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya shirikisho ikawapa haki kuhusu kichujio hicho. Kama safari zako ni Mbezi hadi Posta na kurudi, foleni kwenda na kurudi, kichujio hakitapata nafasi ya kujisafisha.

2. Lexus RX 350 na Harrier ya 3.5

Wale wa "tako la nyani", jina la mtaani la Harrier, mmesubiri zamu yenu. Gari tulivu, spea ziko kila kona ya Ilala, na karibu kila fundi ameshalifungua. Kasoro moja ya injini hii ya V6 lazima uijue: bomba dogo la mpira linalopeleka oili kwenye mfumo wa valvu. Mpira ukichanika, oili yote inamwagika kwa dakika chache na injini inakufa barabarani. Toyota ilitoa bomba la chuma badala yake. Fundi akikuonyesha kuwa bado ni mpira, badilisha wiki hiyo hiyo, si ghali. Harrier ya 2.4 nayo inajulikana kwa kunywa oili, basi pima kijiti kila ukijaza mafuta. Na usilipeleke porini. Urefu wake usikudanganye.

3. Land Cruiser 200

Shangingi lenyewe. Kwa usalama sina neno kubwa dhidi yake. Mafuta yake unayajua, na wezi nao wanalipenda kuliko unavyolipenda wewe.

4. BMW X5, ile ya 2007 hadi 2013

Hapa tunaanza kupanda ngazi za wasiwasi. Kwenye lami hakuna kwenye orodha hii anayeligusa. Lakini mwaka 2017 BMW iliita Marekani magari kama milioni moja kwa hatari ya moto, mengi yakitokana na hita ndogo ya valvu ya hewa ya injini iliyoweza kupiga shoti hata gari likiwa limepaki. Mwaka uliofuata Korea Kusini magari ya dizeli ya BMW yaliungua moja baada ya jingine, hadi serikali ikapiga marufuku yasiyokaguliwa kuingia barabarani. Chanzo kilikuwa kipoza moshi kilichovuja maji ya rejeta ndani ya njia ya moshi wa moto. Kwa hiyo ukinunua ya dizeli, maji ya rejeta yanayopungua bila kuvuja chini si jambo la kuongeza maji na kusonga mbele. Ni la kufungua na kuangalia.

Injini za V8 zenye turbo zina malalamiko ya kunywa oili yasiyokwisha. Chukua ya petroli ya silinda sita, na weka pembeni pesa ya pampu ya maji ya umeme.

5. Porsche Cayenne na Volkswagen Touareg

Ni magari mawili yenye mifupa mimoja. Machi 2016 yaliitwa kwa pamoja, kama 800,000 duniani, ya 2011 hadi 2016, kwa sababu klipu inayoshikilia ekseli ya pedali ya breki ingeweza kulegea. Kuikagua ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayejua anachotafuta, basi asikuambie ni kazi ya siku nzima. Cayenne za kwanza za V8, 2003 hadi 2006, zina mabomba ya plastiki ya maji yaliyofichwa katikati ya injini, na plastiki hiyo hupasuka ikizeeka. Nilishaona gari la kifahari, jina nitalihifadhi, likitoa mvuke pale Chalinze huku mwenyewe amevaa suti ya harusi. Bwana harusi alifika kwa bodaboda.

6. Range Rover Sport na Discovery

Mtashangaa si ya mwisho. Malalamiko yake mengi, ukiyapima, ni ya maudhi, ingawa ni maudhi ya kukuuzisha kiwanja. Mito ya hewa inayobeba gari huvuja, na kompresa hujichosha kuijaza hadi ife. Breki ya mkono ya umeme kwenye Discovery 3 hulia kama mbuzi. Injini za dizeli za V6, 2.7 na 3.0, zina sifa mbaya ya kukatika kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, na ikikatika umenunua injini. Hata kubadilisha turbo kwenye Discovery hizo, mafundi wengi huamua kunyanyua bodi yote kutoka kwenye chesi. La roho lipo: mwaka 2015 ziliitwa zaidi ya 65,000 za Range Rover na Range Rover Sport za 2013 hadi 2015, kwa sababu programu ya milango isiyo na ufunguo ingeweza kuacha mlango ukafunguka gari likienda.

Halafu kuna wizi. Uingereza magari haya huibwa kwa kunasa mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba, na mengine husafirishwa huku. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza waliifuata kwa kifaa cha ufuatiliaji Lexus moja iliyoibwa kwao: ikapita Ufaransa, ikapita Oman, ikashuka Mombasa, ikaishia Uganda, na huko wakakuta nyingine nyingi, zikiwemo Range Rover. Gari la Uingereza lina faida moja kubwa: kwa namba yake ya zamani unasoma bure mtandaoni historia ya ukaguzi wake wa kila mwaka, pamoja na maili lilizotembea na kila lilichofeli. Muuzaji asiyejua namba hiyo, au anayekataa kuitoa, mwachie gari lake.

7. Mercedes ML, GL na R, za 2004 hadi 2015

Hizi ndizo za mwisho, na si kwa sababu ya starehe, maana starehe zinayo. Mwaka 2022 Mercedes iliyaita magari 993,407 duniani, na Marekani ikawaambia wenye nayo wasiyaendeshe hata kidogo kabla ya kukaguliwa. Sababu ni busta ya breki, lile dumu la chuma nyuma ya pampu ya breki linalokuongezea nguvu ya mguu. Maji huingia chini ya mpira unaolizunguka, yanakaa, chuma kinaoza pasipoonekana. Siku ukikanyaga kwa nguvu, linaweza kupasuka na kukata uhusiano kati ya pedali na breki.

Magari mengi ya umri huo yamekaa Uingereza kwenye mvua, kisha yakaja kwenye hewa ya chumvi ya pwani. Ukikanyaga breki na kusikia hewa ikizomea, au pedali ikawa ngumu kuliko jana, simama hapo hapo. Kwa muuzaji, dai uthibitisho wa wakala kwamba chasisi hiyo imekaguliwa. Hana? Mwambie fundi avue ule mpira na kumulika kwa tochi ukiwa umesimama naye. Kutu ya juu juu ni mazungumzo ya bei. Chuma kilichokwisha kulika ni busta mpya kabla gari halijatoka yadi, kwa gharama ya muuzaji, na usilipe hata shilingi ya kishika uchumba mpaka iwe imefungwa.