Kijana wa Ngamiani anayekataa picha: huduma ya kupanga kitabu cha picha hapa Tanga

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Kupanga ukurasa mmoja ni shilingi 2,500. Kuskani picha ya zamani ni 500. Uchapaji unalipwa mbali, kwa sababu haufanyiki hapa: faili linatumwa Dar es Salaam, kitabu kinarudi kwa basi. Changu kina kurasa 40 na jalada gumu, kila mtu apige hesabu yake. Anayetaka rahisi, studio zipo tele mjini, zitamchapia picha moja moja na kumpa albamu ya plastiki siku hiyo hiyo. Mie nilitaka kitabu.

Duka ni stesheneri ndogo tu, Ngamiani kwenye zile barabara za namba. Fotokopi ipo mlangoni, na nyuma ya pazia kuna meza moja ya kompyuta. Jina silitaji, mwenyewe kaniomba. Anafanya kazi peke yake na foleni haiwezi. Lakini kazi yake naieleza, maana ukishaijua utajua cha kudai popote utakapokwenda, Tanga au Dar.

Kitabu ni cha mama yetu, anatimiza miaka 80, na safari hii tulikubaliana watoto wote asipewe kanga, kanga anazo za kufungulia duka. Picha zilitoka kila upande. Kuna zile ndogo za studio, nyeusi na nyeupe, zenye ukingo wa meno meno. Kuna za miaka ya themanini zilizoganda kwenye albamu za kurasa zenye gundi. Na kuna za wajukuu, ambazo zote zilikuwa kwenye grupu la familia la WhatsApp, na humo ndimo kijana alimoanzia kukataa.

Nilimwonyesha picha ya mama amekaa barazani Makorora, anacheka, picha ambayo kila mtu nyumbani anaipenda. Nikamwambia hii iwe ukurasa mzima. Akaifungua, akaangalia vipimo vyake, akasema, "Mama, hii haifiki." Ilikuwa na pikseli, yaani vinukta vidogo vinavyoijenga picha, 1,600 kwa 1,200. Akanipigia hesabu kwenye karatasi ya risiti: mashine ya kuchapa inataka pikseli 300 kwa kila inchi, ukurasa wetu wa A4 uliolala una upana wa milimita 297, kwa hiyo zinatakiwa pikseli 3,508 kwa upana peke yake. Hii ya WhatsApp ikichapwa vizuri inaishia sentimita 13 na nusu. Ukiivuta ijaze ukurasa itatoka, sikatai, lakini nyuzi za kanga zitayeyuka na uso utakuwa kama umetazamwa kupitia chandarua.

Dawa yake haikuwa ya kompyuta. "Aliyepiga bado anayo kwenye simu? Mwambie aitume tena, ila asiitume kama picha, aitume kama dokumenti." Mwanangu yuko Mwanza, akaituma jioni ile ile. Imekuja na pikseli 4,000 kwa 3,000. Kijana aliziweka mbili pamoja kwenye kioo, akazivuta mpaka kwenye sikio la mama. Katika ile ya kwanza hereni ilikuwa doa la njano. Katika ya pili unahesabu vishaufu vyake, na unaona tundu la sikio lilivyorefuka kwa miaka ya kuvaa dhahabu. Picha ile ile, simu ile ile! Nawaambieni, kabla hamjalipa hata senti kwa fundi yeyote, rudini kwenye simu zilizopiga picha. Zilizopita kwenye grupu zimeshabanwa.

Fundi mwingine angepokea picha zote, akazipanga, akachukua pesa yake. Huyu alizitenga mafungu matatu: zinazofika ukurasa mzima, zinazofaa nusu au robo, na zisizofaa kabisa. Shangazi yangu mmoja alichukia, picha yake ya Idi iliangukia fungu la mwisho. Mie nilisimama na kijana.

Picha za zamani ndizo zilizonifanya nimheshimu. Ya baba akiwa na sare ya reli, enzi za shirika la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977, ni ndogo, sentimita 6 kwa 9. Aliiskani kwa pikseli 600 kwa inchi badala ya 300, na sababu yake ni nyepesi: ukiskani maradufu, unaweza kuichapa maradufu ya ukubwa wake bila kupoteza kitu. Basi baba akatoka sentimita 12 kwa 18, mpaka vifungo vya koti vinaonekana. Kila baada ya picha alikuwa anafuta kioo cha skana kwa kitambaa kikavu. Zile zilizoganda kwenye albamu hakuzibandua; aliondoa nailoni ya juu taratibu, akaskani ukurasa mzima wa albamu, picha akazikata kwenye kompyuta. Mtu wa pwani anajua joto na unyevu wetu unavyozifanya hizi picha, ukivuta unabaki na karatasi nyeupe mkononi na uso wa bibi umebaki kwenye gundi.

Hapa tulibishana kidogo. Yeye hupanga sana vitabu vya harusi, na mkono wake umezoea kulainisha nyuso. Nikageuka tu kunywa maji, narudi nakuta mama hana kunyanzi hata moja. "Mwanangu, huyu nani?" Akacheka, akarudisha. Madoa ya ukungu kwenye anga nilimruhusu afute. Mkunjo uliopita kwenye bega la baba nilimkataza, picha ile ilikaa kwenye pochi ya mama miaka mingi na ule mkunjo ni wake. Alitii bila kununa, jambo ambalo kwa mafundi wa siku hizi si dogo. Na nyeusi-na-nyeupe zote aliziondoa rangi kabisa, maana zikiachwa na ile njano ya skana kisha zikachapwa kwa wino za rangi nne, moja inatoka na ukijani, jirani yake na wekundu, na kitabu kinaonekana kimeokotezwa.

Sasa pembezoni. Wachapaji wanaita blidi: picha inayotakiwa kufika ukingoni lazima ipite ukingo kwa milimita 3 kila upande, ili kisu cha kukatia kikiyumba kidogo usibaki mstari mweupe. Kwa hiyo ukurasa wetu wa milimita 297 kwa 210 uliandaliwa kwa 303 kwa 216. Mie ni fundi cherehani, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nguo nayo haikatwi juu ya alama, inaachiwa nafasi ya mshono. Lakini alinionya na upande wa pili, ambao wengi hawaufikirii: kwa kuwa kisu kinaweza pia kuingia ndani, majina na vichwa vya watu visikae karibu na ukingo. Aliviweka ndani kwa sentimita moja. Binti wa dada yangu, aliyejipangia kurasa zake chache kwenye simu, alikuwa amewasimamisha watu mpaka kwenye mstari. Mmoja alikuwa anapoteza sikio.

Nililolipenda kuliko yote halikumgharimu chochote. Alitoa kurasa zote kwa fotokopi, karatasi za kawaida nyeusi na nyeupe, akazipanga migongo pamoja, akazibana kwa klipu kubwa na kunikabidhi. "Fungua kama kitabu, mama." Nikafungua. Katikati kulikuwa na picha ya kurasa mbili, wajukuu wamejipanga ufukweni Raskazone na bibi yao kati. Kwenye kioo ilikuwa nzuri ajabu. Kwenye karatasi mama alikuwa ameingia kwenye mfereji wa katikati, limebaki bega huku na bega kule, kwa sababu kitabu cha kugundishwa mgongoni hakifunguki kikalala. Tukaisogeza picha mpaka mfereji ukaangukia kati ya watoto wawili walioachiana nafasi, na mama akahamia mzima ukurasa wa kulia. Kuanzia hapo hatukutazama tena kurasa kwenye kompyuta, tulitazama lile fungu la karatasi. Ndivyo tulivyogundua pia kwamba kurasa zetu ni 38, na kiwanda cha Dar kinataka idadi inayogawanyika kwa nne. Tukaongeza mbili zifike 40: moja tuliandika majina ya watoto na wajukuu, nyingine tukaiacha tupu mbele kabisa ili kila atakayekuja siku hiyo aandike neno lake.

Rangi ndiyo sehemu ngumu kueleza, nitasema niliyoyaona. Kioo cha kompyuta kinawaka, karatasi haiwaki, kwa hiyo kila picha ikichapwa inatoka na giza zaidi ya ulivyoizoea. Tena kioo kinatumia taa nyekundu, kijani na buluu, mashine inatumia wino nne, na kuna rangi ambazo wino haziwezi kuzifikia. Bahari ya Raskazone, ile buluu ya kuwaka ya kwenye simu, ikawa buluu ya kawaida, na hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Picha za usiku wa hina ndizo zilizokuwa na hatari, weusi wetu na taa moja ya ukumbini: nyuso zingezama. Alinyanyua vivuli peke yake, dhahabu na nguo akaziacha zilivyo, akaniambia tuchape karatasi moja ya majaribio Dar, kwenye karatasi ile ile itakayotumika, kabla ya kuruhusu kitabu kizima. Nililipa shilingi 10,000 pamoja na basi. Kwenye jaribio mama zangu wadogo wawili bado walikuwa wamekolea mno, akawarekebisha. Bila ile karatasi wangetoka hivyo hivyo kwenye kitabu, na maneno ningeyasikia mie.

Maelezo chini ya picha ameyaweka kwa wino mweusi mtupu, si weusi wa kuchanganya rangi nne. Wino nne zisipokaa sawasawa juu ya herufi ndogo, herufi inaota kivuli. Nimeyaangalia kwa miwani, yako safi.

Na lawama zipo. Anapenda maua. Kila ukurasa aliouanza mwenyewe ulikuja na waridi kwenye kona na fremu ya dhahabu, na nilikuwa na kazi ya kuyang'oa moja moja mpaka tukabaki na karatasi nyeupe na picha. Tahajia ni janga: Tongoni iliandikwa Togoni, na mjomba alipewa jina la mtu mwingine kabisa. Yasomeni maelezo wenyewe, tena kwa sauti, msimwachie yeye. Akisema kesho, jueni ni keshokutwa. Nyuma ya pazia ni joto, feni inapuliza upande wa kompyuta tu, na kiti cha mteja ni ndoo iliyopinduliwa. Kwa umri wangu, nilianza kwenda na stuli yangu.

Mwenye kompyuta nyumbani na subira anaweza kujifanyia mengi ya haya. Scribus ni programu ya bure, inapanga kurasa, inajua blidi na wino nne, na inatoa PDF ambayo wachapaji wanaipokea. Mpwa wangu ameanza kuitumia kwa vitabu vya shule yao. Ila haitakwambia picha ya shangazi haifai.

Kitabu kilifika kimefungwa nailoni, jalada limepigwa laminesheni isiyong'aa, na nashukuru sikuchukua ya kung'aa, maana kwa mikono ya nyumba ile ingeshajaa alama za vidole. Kurasa zimekatwa sawa isipokuwa mbili za mwisho zilizopinda kidogo, unaona ukizitafuta. Mama hajazitafuta. Yeye na jirani zake wako kwenye ukurasa wa Tongoni wanagombania nani alikuwa amevaa gauni la nani.

Jambo moja mlimalize kabla ya kutoa malipo ya kwanza. Anakukabidhi PDF kwenye flashi, lile faili lake la kupangia hakupi mpaka ulitaje. Mie nililitaja siku ya kwanza, akakubali kwa shilingi 20,000 za ziada, na sasa kaka yangu wa Muscat anataka nakala yake yenye jina la mkewe limeandikwa sawasawa, na kubadili ukurasa huo mmoja kutanigharimu 2,500 tu.