Ukitaka kununua "No Other" ya Gene Clark: anza na ipi, ipi uiache

Kwa mwenye haraka ya kununua albamu hii, jibu ni hili: nunua santuri moja ya toleo la mwaka 2019 la lebo ya 4AD. Kama huna mashine ya santuri, chukua CD mbili za toleo hilohilo. Nakala ya zamani ya 1974 inaweza kusubiri, na lile sanduku la kifahari waachie wenye pesa za kuchezea.

Sasa tukae tuongee, maana soko la albamu hii limejaa mbwembwe. Wauzaji wanajua kwamba anayeisikia leo kwa mara ya kwanza anachanganyikiwa kwa furaha, na mtu aliyechanganyikiwa kwa furaha huwa haulizi maswali mengi kabla ya kulipa.

Gene Clark alizaliwa Tipton, Missouri, mwaka 1944. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa bendi ya The Byrds kule Los Angeles, na ndiye aliyewatungia nyimbo nyingi nzuri za mwanzo. Akaondoka mwaka 1966, na sababu mojawapo ilikuwa kuogopa kusafiri kwa ndege, ugonjwa mbaya kwa mwanamuziki anayetakiwa kuzunguka nchi nzima. Mwaka 1968 akaungana na mpiga banjo Doug Dillard, wakatoa kazi iliyochanganya kantri na roki kabla biashara hiyo haijawa na wateja. Ukiwajua Eagles kwa "Hotel California" tu, fahamu kwamba albamu yao ya kwanza ya 1972 ina wimbo "Train Leaves Here This Morning", ambao Clark aliutunga pamoja na Bernie Leadon. Eagles walikuwa chini ya lebo ya Asylum. Clark naye akasajiliwa hapohapo, na mwaka 1974 akaitoa "No Other".

Ilikuwa na nyimbo nane tu. Gharama za studio zinatajwa kuvuka dola 100,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, na inasimuliwa kwamba David Geffen, mwanzilishi wa lebo hiyo, aliposikia kwamba pesa zote hizo zimezaa nyimbo nane alighadhibika. Matangazo yakawa hafifu. Kwenye chati ya Billboard haikupanda juu ya nafasi ya 144, na haukupita muda mrefu ikaondolewa kwenye orodha ya santuri zinazouzwa. Jalada nalo halikusaidia: mbele kuna kolaji ya John Van Hamersveld iliyojaa nyota wa Hollywood ya miaka ya 1920, nyuma yupo Clark mwenyewe amepakwa vipodozi na kuvaa mavazi ya kupepea. Mpenzi wa kantri aliyeikuta dukani aliitazama, akairudisha rafuni.

Clark alifariki mwezi Mei 1991, akiwa na miaka 46. Sifa nyingi unazozisoma leo zilikuja amekwisha kwenda.

Zilikuja polepole. Mwaka 1986 This Mortal Coil, kundi la Ivo Watts-Russell, mwanzilishi wa lebo ya 4AD ya Uingereza, walirekodi upya "Strength of Strings". Mwaka 2003 ikatoka CD yenye nyongeza. Januari 2014 bendi ya Beach House iliwakusanya wenzao wa bendi za Fleet Foxes, Grizzly Bear na nyinginezo, wakaipiga albamu nzima jukwaani katika miji kadhaa ya mashariki mwa Marekani. Kisha Novemba 2019 4AD wenyewe wakaitoa upya kwa heshima zote. Kwa hiyo lebo iliyoirudisha sokoni ni ileile ambayo mwanzilishi wake aliipenda albamu hii wakati hakuna aliyeijali, na kazi yao inaonyesha hivyo.

Hadithi ya albamu iliyozikwa ni tamu, lakini ndiyo inayopandisha bei. Mimi nasema lipia sauti. Hadithi umeshaisoma bure hapa.

Na sauti yenyewe ina mambo yake. Prodyuza Thomas Jefferson Kaye alirundika: magitaa juu ya magitaa, kinanda, ngoma za mkono za Joe Lala, besi ya Leland Sklar, mandolini ya Chris Hillman, na kwaya ya akina mama waliozoea kuimba nyimbo za injili, kina Clydie King na Venetta Fields. Kuna kantri, kuna injili, na wimbo unaobeba jina la albamu una mdundo wa kufanana na fanki. Redio za Kenya zimetulea na Don Williams na Jim Reeves miaka nenda miaka rudi. Ukiiendea hii ukitarajia utulivu wa namna ile, utashtuka. Vyombo vikiwa vingi hivi, nakala mbaya inavigeuza uji. Kwa hiyo kwenye albamu hii swali la chapa ipi lina uzito kuliko kwenye albamu ya mtu mmoja na gitaa lake.

Kabla ya kutoa hata senti, isikilize mtandaoni. Huduma kubwa za muziki wanayo. Anza na "Silver Raven", halafu "Strength of Strings", halafu "Some Misunderstanding" inayokaribia dakika saba. Zikikupita zote tatu bila kukugusa, umeokoa pesa zako, nenda kanunue kitu kingine. Sikuzihesabu huduma hizo kwenye orodha yangu kwa sababu huko hununui, unaazima.

Nafasi ya kwanza: santuri ya 4AD, 2019

Mikanda asilia ilisafishwa upya pale studio za Abbey Road, London, na tofauti unaisikia bila kuambiwa. Besi ina umbo, sauti ya Clark imesimama mbele, kwaya iko nyuma yake lakini unazitambua sauti moja moja. Ni albamu ya dakika 43 hivi katika sahani moja, kama ilivyokuwa zamani, bila kukatwakatwa katika sahani mbili za kukufanya uinuke kila baada ya nyimbo mbili.

Jaribio langu kwa nakala yoyote ya "No Other" ni hili. Wimbo wa mwisho upande wa kwanza ni "Strength of Strings". Uko mwishoni, pale sindano inapokaribia lebo na mifereji ya santuri inapokuwa na nafasi finyu, mahali ambapo santuri yoyote huanza kusikika vibaya. Na ndipo walipouweka wimbo mzito kuliko yote: unaanza na sauti za waimbaji zisizo na maneno, zinapanda na kushuka kwa muda mrefu kabla Clark hajafungua kinywa, kisha kila kitu kinaingia kwa pamoja. Shusha sindano hapo. Sauti zikiwa na mchanga, zikikwaruza kwenye herufi "s", basi ama santuri imechoka, ama sindano yako imeisha, ama haikufungwa sawasawa. Ukibadilisha sindano na hali ikabaki vilevile, tatizo ni santuri. Toleo hili, kwenye mashine ya kawaida iliyorekebishwa vizuri, linapita mtihani huo.

Nunua nakala nyeusi ya kawaida. Rangi haiongezi chochote masikioni.

Nafasi ya pili: CD mbili za 4AD

Kwa wengi wetu huenda hii ndiyo inayofaa zaidi, na kama mashine yako ya santuri ni ile ya sanduku yenye spika ndani yake, ipandishe iwe ya kwanza. CD ya kwanza ni albamu ileile iliyosafishwa. Ya pili ina nyimbo hizohizo kutoka kwenye vipindi vya studio, kabla ya kurundikiwa vyombo vyote, zikiwa zimechanganywa na Sid Griffin na John Wood. Hapo unagundua kwamba chini ya mapambo yote kulikuwa na nyimbo zinazosimama kwa miguu yake. Aliyelalamika mwaka 1974 kwamba Kaye aliziua nyimbo kwa mapambo angefurahi. Mimi bado napenda mapambo, lakini CD hii ya pili nairudia mara nyingi.

CD ni nyepesi pia, na hilo utaliona ukifika kwenye gharama za kusafirisha.

Nafasi ya tatu: nakala ya Marekani ya 1974

Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Namba yake ni Asylum 7E-1016, na lebo katikati ni ile ya Asylum yenye mawingu. Nakala safi inapendeza, sauti yake ina joto, jalada lina ukubwa wa heshima. Lakini kumbuka ilitoka lini. Bei ya mafuta ilipopaa mwaka 1973 malighafi za santuri zilipungua, na viwanda vingi vya Marekani vikatoa sahani nyembamba zenye kelele. Santuri ya 1974 iliyotunzwa kama mboni ya jicho bado inaweza kuchakarisha tangu siku ilipotoka kiwandani, na hakuna usafi utakaoiponya.

Angalia pembe za jalada. Santuri zilizofutwa kwenye orodha ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na ili zisirudishwe kwa bei kamili zilikatwa pembe au kutobolewa tundu. Nakala ya namna hiyo si mbaya kimuziki, hata kidogo, ila isilipiwe sawa na nakala nzima. Jalada likiwa na alama ya duara, santuri ilibanwa rafuni miaka mingi. Ni suala la sura tu.

Kwenye Discogs, soko la santuri la mtandaoni, wauzaji hutumia alama za hali. Mint (kama mpya) na NM (Near Mint, karibu na mpya) ni ndoto za bei kali, VG+ (Very Good Plus) ndiyo ya kulenga. VG tayari ina kelele za kusikika, na kwa albamu yenye sehemu tulivu kama mwanzo wa "Silver Raven" itakuudhi. G (Good, ambayo licha ya jina lake iko chini ya VG) usiiguse hata akikupa nusu bei. Mwandikie muuzaji umwombe mambo mawili: picha ya sahani chini ya taa kali, iliyopigwa kwa upande ili mikwaruzo ionekane, na uhakika kwamba ameipiga, si kuitazama tu. Ukijibiwa "inaonekana safi", hajaipiga. Aliwahi kuniletea mtu mmoja nakala ya VG+ iliyokuwa na mchubuko kuanzia ukingoni mpaka kwenye lebo, unaouona hata gizani. Tangu hapo picha naomba kwanza, salamu baadaye.

Nafasi ya nne: CD ya 2003

Ilikuwa mkombozi wakati wake, ikiwa na nyongeza kadhaa pamoja na "Train Leaves Here This Morning". Leo imepitwa na CD za 2019. Ukiikuta kwenye kapu la mitumba kwa bei ya chai na maandazi, beba. Zaidi ya hapo, hapana.

Nafasi ya mwisho: sanduku la 2019

Lina santuri ya rangi ya fedha, SACD tatu (CD za ubora wa juu zenye mashine yake), Blu-ray yenye muziki uliochanganywa kwa spika za kuzunguka chumba na filamu ya makala, pamoja na kitabu chenye jalada gumu. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini nani nyumbani ana mashine ya SACD? Na spika za kuzunguka chumba? Lilitolewa kwa idadi maalumu, kwa hiyo sasa unanunua kwa mtu wa pili au wa tatu ambaye kila mmoja ameongeza chake juu. Muziki ulio muhimu humo umeshaupata kwenye CD mbili.

Kuna msomaji ambaye haya yote hayamhusu. Kama uliisikiliza mtandaoni ukaona ni kelele nyingi, lakini sauti ya Clark imekukaa moyoni, nunua "White Light" ya 1971, iliyotoka kwenye lebo ya A&M. Prodyuza ni Jesse Ed Davis, ambaye pia anapiga gitaa kwenye "No Other". Humo vyombo ni vichache, na gitaa, harmonika na sauti yake ndivyo vinavyotawala. Kwa sikio lililolelewa na Don Williams nadhani ndiyo mlango sahihi, na bei yake haijapandishwa na hadithi. Unapoitafuta, jaribu pia kuandika jina la msanii peke yake, kwa kuwa jina la albamu halikuchapwa mbele ya jalada.

Kuhusu usafirishaji. Santuri moja iliyofungwa vizuri ina uzito wa nusu kilo hivi, na nauli kutoka Ulaya au Marekani inaweza kukaribia bei ya santuri yenyewe. Ongeza ushuru wa forodha, na VAT ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara na Uganda. Dawa ya kawaida ni ndugu au rafiki aliyeko Uingereza au Marekani: iagize ipelekwe kwake, aje nayo kwenye begi la mkononi, si kwenye mizigo ya chini, na mwambie ailaze juu ya kitu bapa badala ya kuiminya kati ya viatu. Muuzaji naye mwombe aitoe sahani kwenye jalada na kuifunga pembeni yake, la sivyo itapasua mshono wa jalada njiani. Kifurushi kikifika posta ya Dar au Mombasa, kichukue siku hiyohiyo. Joto la stoo yenye paa la bati likishaipinda santuri, kuinyoosha ni bahati nasibu, na muuzaji atakwambia ilitoka kwake ikiwa imenyooka.