Repetisyo ya farmakolojia ya upande wa Nyawera: nenda, lakini broshuri iache

Kila mwaka banafunzi ba medsini na ba farmasi hapa Bukavu banaulizana, eti ile repetisyo (masomo ya pembeni) ya jioni ya farmakolojia, somo la vile dawa zinafanya kazi mu mwili, yenye inafanyikaka ku chumba cha juu upande wa Nyawera, inafaa ao ni franga za bure. Mi nimeifuata mpaka sesyo ikaisha. Inafaa, ila si kwa kila mutu.

Yenye ilinipendeza ni vile mwalimu anafundisha. Ku oditwari tuko bengi sana, profu anasoma projeksyo, majina ya dawa yanapita tu, unakariri usiku kucha na siku ya ekzame yote inatoka ku kichwa. Huyu haanzaki na listi. Anaingia na mfuko wa paketi tupu za dawa, anazimwaga juu ya meza, anakupa moja: soma jina. Enalaprili, kaptoprili, zinaishia sawa, basi kazi ni moja, zinazuia ule enzimu wenye unatengeneza anjiotensini ya pili, yenye inakazaka mishipa ya damu, basi mishipa inalegea, tansyo inashuka. Halafu anauliza: na kwa nini mama wa tansyo anarudi na kikohozi kikavu? Kimya. Juu enzimu ule ule ndio unavunjaka bradikinini, kitu cha mwili chenye kinachokoza kikohozi, ukiuzuia inajilundika ku mapafu. Hapo ndio nilielewa kama athari za dawa si listi ingine ya kukariri, zinatoka mulemule mwenye faida inatoka.

Kwa propranololi, dawa ya moyo, alituambia adrenalini inafika ku resepta, pale penye inashikaka ku seli, inakuta motari ameshabeba mutu, ndio ile dawa, basi inabaki inangoja ku barabara, ndio moyo unapunguza mbio. Lakini ku bronshi, njia za hewa za mapafu, nako kuko resepta, za beta 2, nazo zinazibwa, ndio maana mgonjwa wa asma hapewi ile dawa. Hiyo ilitoka ku ekzame, sidanganyi.

Somo lenye lilipita yote ni la kinini, dawa ya malaria. Sisi ba Bukavu tumekulia na miti ya kenkina, kampuni Pharmakina hapa hapa mjini imetoa kinini mu maganda miaka mingi, lakini ukituuliza inafanya nini mu mwili tunatazamana tu. Alianzia kwa Pelletier na Caventou, bale Bafaransa benye balitenga kinini mu ganda mu 1820, akafika mpaka 2011 wakati OMS, shirika la afya la dunia, ilisema hata batoto ba malaria kali bapewe artesunati ya mshipa mahali pa kinini, juu inaokoa zaidi. Na akaongeza yenye sikuwahi kusikia ku oditwari: kinini inasukuma kongosho itoe insulini, sukari inashuka, mtoto amezimia unafikiri ni malaria ya kichwa kumbe ni sukari imeisha, pima kwanza. Masikio kuvuma kila mutu anajua, hii ya sukari bengi habaijui.

Sasa mabaya. Hesabu za kinetiki, vile dawa inaingia na kutoka mu mwili, anazikimbiza. Demivi ilipita haraka haraka, eti kila demivi nusu ya dawa inatoka, zikipita 5 inabaki kama asilimia 3 hivi, sawa, lakini klirensi (vile mwili unasafisha dawa), volimu ya distribisyo (vile dawa inasambaa mu mwili), ile doze kubwa ya kuanzia, hapo kama uko dhaifu mu matematika unaachwa njiani. Mi ilibidi nitafute rafiki wa farmasi anifundishe pembeni, na akanifundisha vizuri kuliko mwalimu.

Na broshuri! Inauzwa dola 5 juu ya bei ya mwezi, fotokopi ya fotokopi, michoro imekuwa nyeusi tupu. Hiyo ningevumilia. Lakini ku digoksini, dawa ya moyo, bameandika miligramu 250 mahali pa mikrogramu 250. Kidonge cha kawaida ni miligramu 0.25, na ni dawa yenye doze ya kutibu na ya kuua zinakaribiana sana, halafu wewe unaandika mara 1,000! Tulimwambia mwalimu, akasahihisha ku ubao palepale, kwa hilo simlaumu, lakini ku duka la fotokopi baliendelea kutoa ile ya zamani na bashule bapya banainunua. Mbona habaichomi tu?

Bei ni dola 10 kwa mwezi, unalipa mbele. Kwa mutu mwenye anapanga nyumba ku komini ya Kadutu si kidogo, mi ningelipa tena. Ukitafuta mutu wa kukuuzia maswali ya ekzame usisumbuke kupanda zile ngazi, anafukuzaka mutu akiuliza hivyo. Fika mbele ya saa kumi na moja ukae ku benchi za mbele, juu mvua ikipiga ku mabati bale ba nyuma habasikii kitu, na beba telefone yenye iko na chaji, umeme ukikatika ni tochi zenu ndio zitaangazia ubao.