Dola 900 za kuambiwa mwanangu ana asilimia 22

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Miezi imepita na haijapoa, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo. Mzazi mwenzangu uliye Texas, mwenye mtoto mwaka wa mwisho wa sekondari, soma hadi mwisho kabla hujatoa kadi yako ya benki.

Mimi natunza wazee, shifti ya usiku. Wabeba boksi wenzangu mnaijua kazi hiyo. Binti yangu wa kwanza alikuwa anamaliza shule ya umma huku kusini-magharibi mwa Houston, na mambo ya kuomba vyuo vya hapa yalinipita kimo. Kwetu Tanzania matokeo ya kidato cha sita yakitoka unahesabu pointi, unafungua mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, unaona kozi fulani inataka nini, unajua umesimama wapi. Hapa kuna insha, kuna barua za walimu, kuna shughuli za nje ya darasa, na hakuna anayekutajia pointi za kuingilia. Dada mmoja kanisani akaniambia ipo kampuni inayopima uwezekano wa mtoto kukubaliwa. Unawapa taarifa zake, wanakuandikia ripoti chuo kwa chuo, kisha unapata saa nzima na mshauri kwa video. Dola 900. Nikaongeza shifti, nikalipa.

Mshauri mwenyewe alikuwa kijana. Aliniita kwa jina langu la kwanza kama tumekua wote. Hapa ni kawaida na nimeshazoea, lakini siku ile lilinikera, labda kwa sababu nilikuwa nimetoka kazini sijalala. Tulikuwa tumejaza fomu ndefu wiki nzima kabla. Hakuwa ameisoma. Alimuuliza binti yangu mara mbili anataka kusomea nini, na mara zote mbili akajibiwa sayansi ya kompyuta. Akaingiza alama zake za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya hapa, 1410 kati ya 1600, kwenye programu yao, akabonyeza, namba zikajipanga kwenye skrini. Rice, chuo kikuu binafsi cha hapa Houston, asilimia 3. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, asilimia 22. Vyote viwili vimewekwa safu nyekundu, safu ya ndoto.

Nikamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba huyu mtoto ni wa 19 kati ya wanafunzi 512 wa darasa lake. Hakuandika. Akasema, "Inabidi tuwe wakweli kuhusu watoto wanaotoka shule kama hii."

Shule kama hii! Na mwanangu amekaa ubavuni mwangu, anasikia. Niligeuka kumtazama, akawa anaangalia mikono yake. Dakika zilizobaki sizikumbuki vizuri. Nakumbuka tu kwamba tulikuwa tumelipia saa nzima, na saa ile haikufika mwisho.

Usiku huo, mimi niko kazini, akafungua simu akaifuta Rice kwenye orodha yake. Hakuniuliza. Nilipomhoji asubuhi akasema, "Mama, acha tu. Asilimia tatu, tutapoteza hela ya maombi."

Sasa sikilizeni. Wiki chache baadaye nilikwenda shuleni kwa jambo jingine kabisa, karatasi za chanjo za mdogo wake. Nikakutana na mshauri wa shule, mama mmoja mwenye mamia ya wanafunzi wa kuwahudumia, hata kiti cha kunikaribisha hakuwa nacho kwa sababu kilikuwa na mafaili. Nikamwonyesha ripoti kwenye simu. Akaisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Huyu ni wa 19 kati ya 512, na wamempa asilimia 22 Austin?" Akanieleza kwa dakika tano, bure. Texas ina sheria tangu mwaka 1997. Wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao wanakubaliwa moja kwa moja vyuo vikuu vya umma vya jimbo, mradi watume maombi kwa wakati na kutimiza masharti ya kawaida. Austin walizidiwa na wingi, wakaruhusiwa kuweka kiwango kikali zaidi, na mwaka ule kilikuwa asilimia 6. Piga hesabu mwenyewe: asilimia 6 ya 512 ni watu 30. Mwanangu ni wa 19. Hata SAT ile haikuwa na neno. Na sheria hii haibagui "shule kama hii". Inahesabu nafasi ya mtoto ndani ya shule yake, iwe ya matajiri au ya sisi tunaopishana na watoto wetu mlangoni, wao wakienda shule na sisi tukirudi kulala.

Kwa hiyo nililipa dola 900 kuambiwa mwanangu atakataliwa na chuo ambacho kisheria kilikuwa kimeshamkubali akituma fomu tu.

Nikapiga simu ofisini kwa kampuni ile huku natetemeka. Na hapa lazima niseme ukweli, maana sitaki kumsingizia mtu. Yule kijana alipopatikana alijitetea kwamba sheria inakupa chuo, haikupi kozi. Sayansi ya kompyuta pale Austin inagombewa na watu wengi mno, na hata aliyekubaliwa kwa sheria anaweza kupangiwa kozi nyingine. Nimeuliza sehemu nyingine, ni kweli. Na ndivyo ilivyotokea: binti yangu alipata Austin, kompyuta hakupata, anasoma hisabati, chaguo lake la pili. Kwa hiyo ile 22 ya kijana huenda ilikuwa na maana fulani. Lakini mbona ripoti haikuandika hivyo? Iliandika Chuo Kikuu cha Texas, asilimia 22, nukta. Hakuna neno kozi, hakuna neno sheria. Kama alilijua hilo siku ile akanyamaza, ni vibaya. Kama alilitafuta baada ya mimi kupiga simu, ni vibaya zaidi.

Tena kuna mama mmoja wa kampuni hiyo hiyo, wa upande wa insha, ambaye nisipomtaja nitakuwa mtovu wa shukrani. Yeye alisoma. Insha ina ukomo wa maneno 650, na binti yangu alikuwa ameyajaza na mambo ya kuipenda teknolojia. Mama yule akamuuliza kwa upole, "Saa tisa unusu shule ikitoka unakwenda wapi?" Ndipo mtoto akasema: anawachukua wadogo zake wawili, anapika, anasimamia kazi zao za shule, kwa sababu mama anajiandaa kwenda kazini. Hakuwahi kuona kama hilo ni jambo la kuandika. Mama yule akamwonyesha kwamba kwenye Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, penye nafasi 10 za shughuli, majukumu ya nyumbani yana kipengele chake kabisa. Nililia siku hiyo, kwa furaha. Wakati ule ningewapa nyota nne.

Lakini Rice. Hapo ndipo ninaposhindwa kusamehe. Miaka hiyo Rice haikumlazimisha mtu kutuma alama za SAT. Yaani ile 1410 tungeweza kutoipeleka kabisa, na asilimia 3 yote ilijengwa juu yake. Tangu 2018 Rice walitangaza kwamba familia yenye kipato kama changu haitozwi ada. Kuna pia QuestBridge, mpango wa watoto wenye uwezo darasani na kipato kidogo nyumbani, na Rice ni mmoja wa washirika wake. Maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba. Sisi tulizungumza na kijana yule kabla ya hapo. Hakutaja hata moja kati ya hayo, na fomu yake ilikuwa imetuuliza kipato chetu, tukajaza hadi dola ya mwisho.

Sisemi angekubaliwa. Rice inakataa zaidi ya tisa katika kila kumi, na wamo watoto wenye alama kumzidi. Nasema alikuwa na haki ya kukataliwa na Rice wenyewe.

Niliomba nirudishiwe nusu ya fedha. Wakajibu kwamba huduma ilitolewa kamili. Nikaandika tena, nikaambatanisha ripoti na ile sheria. Kimya hadi leo.

Kwenye tathmini hii nilikuwa nimewapa nyota mbili, moja ikiwa ya yule mama wa insha. Jana asubuhi nimetoka hospitali kumpeleka mzee wangu mmoja, treni ikapita jirani na ile miti mikubwa ya Rice. Nimerudi nyumbani nimeifuta moja.